Kugawana chaneli kati ya televisheni na simu

Kugawana chaneli kati ya televisheni na simu ni mbinu ya kurusha matangazo ya kidijitali na mawasiliano ya intaneti ya simu kwa zamu, ndani ya chaneli moja ya redio. Imejengwa juu ya DVB-T2, kiwango cha utangazaji kilichochapishwa mwaka 2009 na ambacho ndicho ving'amuzi vya antena vya Kenya, Tanzania na Uganda hutumia.

Haja yake inaonekana wazi siku ya fainali ya mpira. Mnara wa simu humpelekea kila mtazamaji nakala yake, na watazamaji wakizidi, unaelemewa. Mnara wa televisheni hurusha mara moja tu, wawe kumi au milioni. Lakini mnara huo mkubwa haufai kumpelekea mtu mmoja ujumbe wake.

Matangazo ya DVB-T2 husafiri katika vipande vya muda viitwavyo fremu. Waliotunga kiwango hicho waliruhusu fremu za upanuzi, kila moja hadi milisekunde 250, bila kuamua zitabeba nini. Kila fremu hufunguliwa na alama fupi, P1, ya mikrosekunde 224, inayotambulisha kinachofuata. King'amuzi kikiona fremu si yake, huiacha ipite na kungoja zamu yake. Picha haikatiki, kwa kuwa kuna data iliyokwisha kuwekwa akiba. Katika pengo hilo ndimo LTE, teknolojia ya simu ya 4G, hupenyezwa. Uzuri wa mbinu uko hapa: mwenye king'amuzi kinachofuata kiwango halazimiki kununua kingine.

Kikwazo kimoja ni upana. Chaneli ya televisheni katika nchi hizi ina megahezi 8, ilhali LTE ina upana wa 1.4, 3, 5, 10, 15 au 20. Ukiweka ya 5, megahezi 3 zinakaa bure katika zamu hiyo.

Kikwazo kikubwa zaidi ni mwangwi. Wimbi la redio huenda mita 300 hivi kwa mikrosekunde moja. Minara kadhaa ikirusha kitu kilekile, nakala zake huifikia simu kwa kupishana. Utangazaji wa LTE wa awali ulivumilia tofauti ya mikrosekunde 16.7, yaani kilomita 5: inatosha kwa minara ya mtaani, haitoshi kwa mnara wa mlimani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Braunschweig, Ujerumani, wakiongozwa na Ulrich Reimers, walirekebisha LTE ili irushwe kutoka minara mirefu yenye nguvu, wakaiita Tower Overlay, nayo ikajaribiwa Paris. Mwaka 2017 viwango vya kimataifa vya simu, katika Toleo la 14, vilifikisha uvumilivu huo mikrosekunde 200, sawa na kilomita 60.

Watafiti wa Kanada na Korea Kusini walifuata njia nyingine, iliyoingia katika kiwango kingine cha utangazaji, ATSC 3.0. Katika njia hiyo hakuna zamu: mawimbi mawili hurushwa wakati mmoja, moja likiwa dhaifu kwa desibeli chache. Kipokezi husoma lenye nguvu, hulitengeneza upya, hulitoa katika mchanganyiko, kisha husoma lililobaki. Wimbi lenye nguvu hulengwa kwa vifaa vya mkononi, lililo dhaifu kwa televisheni za nyumbani zenye antena nzuri.