Gobore au Snider? Bunduki mbili zilizopita Singida, na kwa nini ile "mbovu" ndiyo iliyobaki

Tuseme ni Januari 1875. Wewe ni askari wa msafara uliotoka Bagamoyo. Mmeshaimaliza Ugogo, na sasa mko Ituru, nchi ya Wanyaturu, ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Singida. Mbele yako kuna bunduki mbili. Moja ni gobore, linaloshindiliwa kwa mdomoni. Nyingine ni Snider, bunduki ya Kiingereza inayotiwa risasi kwa nyuma. Unaruhusiwa kubeba moja tu, kwa miguu, hadi Ziwa Victoria. Utabeba ipi?

Najua wengi mtasema Snider, na kwa hesabu za haraka mko sahihi. Lakini twende taratibu, maana historia ya mkoa huu ina jibu ambalo halimo kwenye hizo hesabu.

Tuanze na namna zinavyofanya kazi. Gobore ni bomba la chuma lililozibwa upande mmoja. Unamimina baruti mdomoni, unaweka kitambaa au nyuzi, unatia risasi ya duara, unashindilia kwa mdeki. Halafu unahitaji moto. Kwenye gumegume la zamani, jiwe linagonga chuma na cheche inaangukia baruti kidogo iliyoko kibakulini. Zile za baadaye zilitumia fataki, kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Askari aliyezoea alipiga mara mbili au tatu kwa dakika, tena akiwa amesimama. Mvua ikinyesha, gumegume linaweza kukataa kabisa.

Snider ni kitu kingine. Jeshi la Uingereza liliipokea mwaka 1866, na jambo la kuvutia ni kwamba mwanzoni haikuwa bunduki mpya. Walichukua bunduki zao za Enfield za kushindilia, wakakata sehemu ya nyuma ya mtutu, wakaweka kifuniko chenye bawaba kinachofunguka ubavuni. Unafungua, unatia kiasi kizima (baruti, risasi na fataki vyote viko ndani ya ganda moja), unafunga, unapiga. Kisha unafungua tena, unavuta kifuniko nyuma ili ganda litoke, unaigeuza bunduki, ganda linaanguka chini. Aliyefundishwa vizuri alifikisha risasi kama kumi kwa dakika, na angeweza kujaza akiwa amelala chini nyuma ya jiwe.

Kumi kwa tatu. Ingekuwa mechi ya mpira, ungeshaondoka uwanjani.

Sasa turudi Ituru. Msafara niliokupa ni wa kweli, ule wa Henry Morton Stanley, ulioondoka Bagamoyo Novemba 1874 ukiwa na watu 356. Ulikuwa na Snider, na ulikuwa na magobore pia. Walipofika Vinyata ugomvi ukazuka na wenyeji, wakapigana siku kadhaa. Wanyaturu walikuwa na pinde, mishale na mikuki. Stanley aliwagawa watu wake katika vikosi vidogo vilivyotawanyika kila upande. Kikosi kimojawapo kilifuata mbali mno, kikazingirwa, na karibu wote wakauawa. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, msafara ulipoteza watu zaidi ya ishirini pale, naye akachoma vijiji na kuchukua nafaka. Hesabu ya Wanyaturu waliokufa hakuiandika mtu wa kwao, kwa hiyo tukisoma kitabu chake tukumbuke kwamba tunasikiliza upande mmoja.

Kwa nini bunduki hazikutosha? Mojawapo ya sababu ni hesabu ile ile tuliyoifanya, ila tumeisahau mishale. Mpiga upinde mzuri hahitaji nusu dakika kuandaa mshale wa pili. Mbele ya mtu mwenye gobore lililokwisha kupigwa, upinde ndiyo silaha ya kasi. Na mwenye Snider naye ana kasi yake ilimradi viasi vipo mfukoni na wenzake wako karibu. Akitengwa, viasi vikaisha, amebaki na rungu la kilo nne.

Hapo ndipo swali letu linapobadilika. Hatuulizi tena ipi inapiga haraka. Tunauliza: kesho kutwa, mbali na pwani, ipi itakuwa bado inapiga?

Fikiria safari ya kiasi kimoja cha Snider. Kinatengenezwa kiwandani Ulaya, kinapanda meli hadi Zanzibar, kinavuka hadi Bagamoyo, kinabebwa kichwani kwa wiki nyingi hadi Ituru. Kikishapigwa, kimekwisha, na hakuna fundi wa kijijini wa kukitengeneza upya. Gobore halina shida hiyo. Linakula karibu chochote: risasi ya duara, kipande cha chuma, hata kokoto. Kitako kikivunjika, seremala anachonga kingine. Chuma kikilegea, mhunzi anakigonga. Baruti yenyewe, mchanganyiko wa makaa, kiberiti na shura, ilikuwa bidhaa ya kawaida ya misafara, ikiuzwa kama zilivyouzwa nguo na shanga.

Ni kama leo ukilinganisha simu janja ya bei mbaya na kiswaswadu. Ipi bora? Inategemea kama kijiji chako kina umeme na fundi.

Tena magobore yalikuwa mengi, na sababu yake inatoka Ulaya. Kuanzia miaka ya 1860, majeshi ya kule yalipohamia bunduki za kujaza kwa nyuma, ghala zao zilibaki na rundo la bunduki za kushindilia. Wafanyabiashara wakazinunua kwa bei ya kutupa, wakazileta Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora ilipita kusini mwa Singida ya leo, eneo la Manyoni, kwa hiyo silaha hizo zilipita mlangoni. Nyungu ya Mawe aliijenga himaya yake katika Ukimbu, na Mirambo ya kwake Unyamwezi, kwa nguvu za rugaruga, vijana waliobeba magobore pamoja na mikuki. Wote wawili walifariki mwaka 1884.

Halafu ikaja sheria. Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba dhidi ya biashara ya watumwa, na ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha. Kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini mwa ikweta, bunduki za kisasa na viasi vyake zilizuiwa, isipokuwa kwa serikali na watu wachache wenye kibali. Kilichoachwa kwa biashara, tena kwa usimamizi, ni gumegume na baruti ya kawaida. Singida iko karibu nyuzi 5 kusini, katikati kabisa ya mstari huo. Kwa maneno mengine, wewe niliyekuuliza mwanzo uchague, mwaka 1890 ulichaguliwa. Mkataba ulikuwa na lengo jema, kukomesha utekaji wa watumwa. Lakini ulihakikisha pia kwamba mkoloni alipofika na bunduki ya kisasa, aliyempinga alikuwa na gobore, mkuki au upinde.

Au nyuki. Simulizi za Wanyaturu zinamkumbuka Liti Kidanka, mwanamke aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba silaha yake ilikuwa nyuki. Uwanja wa mpira wa Singida mjini unaitwa Liti kwa heshima yake. Ukifikiri vizuri, nyuki anatimiza sharti letu la pili kuliko bunduki zote: hahitaji meli, kiwanda wala kibali cha Brussels.

Na msijidhanie Wajerumani waliepuka tatizo hili. Vita vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, askari wao wengi humu nchini bado walibeba Mauser ya mwaka 1871, ambayo ilitiwa kwa nyuma lakini ilitumia baruti ya moshi. Ukipiga, wingu jeupe linamwonyesha adui ulipo. Nafuu kubwa waliipata Novemba mwaka huo huo baada ya kuwashinda Waingereza Tanga, wakaokota bunduki za kisasa, bombomu 16 na risasi 600,000. Hata dola yenye viwanda, ikikatiwa njia ya bahari, inaanza kuokota.

Tukirudi leo, Snider utaiona makumbusho. Gobore bado linakamatwa vijijini, hasa karibu na mapori ya hifadhi kama Rungwa, na mengi ni ya kutengenezwa na mafundi wa humu humu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza au kumiliki silaha bila leseni, na mara kwa mara serikali hutoa muda wa kuzisalimisha kwa hiari bila kushtakiwa. Tunapojiuliza kwa nini magobore hayaishi, tusitafute jibu kwa wawindaji peke yao. Kila sifa iliyoliokoa gobore karne ya 19 ndiyo inayolifanya liwe gumu kudhibiti sasa: halina namba ya kiwanda, halingoji viasi vya dukani, na elimu yake iko mikononi mwa mafundi. Bunduki inayotegemea kiwanda unaweza kuibana kwa kufunga bandari na duka. Inayotegemea mhunzi haibanwi hivyo. Itabidi uongee na mhunzi, umpe kazi nyingine inayolipa.