Springi chini ya kidole

Historia ya michezo ya video huandikwa kwa kutazama kioo: picha zilikuwaje, nani alimpiga nani. Mimi nataka tushuke chini ya kidole, kwenye springi. Huku kwetu Bukundi kijana anayelipia gemu kibandani analipia pia kitufe kinachorudi juu kwa wakati. Kikigoma, mechi imekwisha na pesa imeenda.

Mwaka 1987 Capcom ya Japani ilitoa Street Fighter. Mashine yake ya kifahari ilikuwa na pedi mbili kubwa, ya ngumi na ya teke. Ukiigusa taratibu mpiganaji anapiga taratibu, ukiitwanga naye anatwanga. Wazo tamu, ila watu wakatwanga kweli kweli na mikono ikachoka. Pakaja vitufe sita: vitatu vya ngumi, vitatu vya teke, kila kimoja na nguvu yake iliyokwisha kupangwa. Street Fighter II ya 1991 ikaendelea na vitufe sita. Hapo kazi ya springi ikabadilika. Haikuhusika tena na ukali wa pigo. Ilitakiwa imrudishie mchezaji kidole haraka.

Mashine za zamani zilitumia vibati viwili vyembamba vinavyogusana, na fundi aliweza kuvikunja kidogo kwa koleo ili kitufe kishike mapema au kichelewe. Baadaye ikaja swichi ndogo ya kufungwa, yenye springi bapa ndani yake, wakati kitufe nacho kina springi yake ya kujizungusha. Kidole kinapambana na zote mbili. Ndiyo maana mtu anabadilisha springi ya kitufe halafu analalamika bado ni kigumu: ile ya ndani ya swichi hajaigusa. Vitufe vya Happ vya Marekani vinazama sana na vina springi ndefu. Vya Sanwa vya Japani, vile vya milimita 30, ukivipumzishia kidole tu vinaweza kushika.

Wengi hukata springi ili iwe laini. Hapa kuna mtego. Robert Hooke alishaeleza mwaka 1678 kwamba springi husukuma kadiri inavyobanwa. Ukiikata, mwanzo wa mbonyezo unakuwa mwepesi kwa sababu haijabanwa sana ndani ya kitufe, lakini mizunguko imepungua, hivyo kila milimita unayoongeza inakuwa ngumu kuliko zamani. Anayejua skrubu ya kukazia uzi kwenye cherehani hatashangaa: unapata huku, unapoteza kule.

Pedi za PlayStation tunazokodi vibandani hazina springi kwenye vitufe vile vinne; kuna kipira kinachobonyea. Kikichoka hakikazwi. Fundi hufungua pedi mbili zilizokufa apate moja nzima, na kwa maoni yangu huyo ndiye mtunzaji halisi wa gemu hizi, kuliko mwenye kibanda.

Lile wazo la 1987, kwa kweli, halikufa. Vitufe vya pedi ya PS2 ya mwaka 2000 vilipima nguvu ya kidole, na wachezaji wengi hawakujua hata kidogo. PS4 ya 2013 ikaliondoa kwenye vitufe hivyo. PS5 ya 2020 imeweka mota nyuma ya vitufe viwili vya shahada, na sasa ugumu unapangwa na programu. Huo fundi hawezi kuukunja kwa koleo.