Ngumbaru: wazee walijua kusoma, halafu gazeti likaacha kuja

Huku chuoni bumu limeingia, kwa hiyo kantini imejaa na maktaba imebaki nyeupe. Nimetumia nafasi hiyo kuchimba historia ya kisomo cha watu wazima, kile ambacho wazee wetu walikiita ngumbaru. Leo siwaletei desa la mtihani. Nawaletea swali ambalo limenikaa kichwani wiki nzima: nchi iliyofundisha mamilioni ya watu wazima kusoma ndani ya miaka michache, ilikuwaje baadaye wengi wao wakasahau?

Najua darasani kwetu wengi wanaiona kozi hii kama ya kujazia tu. "Sisi tunakwenda kufundisha sekondari bwana, mambo ya wazee yanatuhusu nini?" Subirini kidogo, tutafika huko.

Tuanzie mwaka 1964. Mwalimu Nyerere alipowasilisha mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, alieleza kwamba lazima tuanze na watu wazima. Sababu yake ilikuwa rahisi. Watoto tunaowasomesha leo hawataugusa uchumi mpaka ipite miaka mitano, kumi au hata ishirini. Wazazi wao wanaamua leo: walime nini, wanywe maji gani, wampeleke mtoto shule au wasimpeleke. Ukitaka kijiji kibadilike sasa hivi, zungumza na mwenye jembe mkononi.

Mwishoni mwa miaka ya 60 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Kuanzia 1968 ukaendeshwa mradi wa majaribio kwenye mikoa ya Kanda ya Ziwa, makao yake Mwanza, kwa msaada wa UNESCO. Hapo ndipo mambo yalipoanza kunoga. Badala ya kumpa mzee wa miaka hamsini kitabu cha "baba ana kuku", waliandika vitabu vinavyohusu kazi yake mwenyewe. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kupitia pamba. Kulikuwa na vya migomba, vya uvuvi, vya ufugaji wa ng'ombe na vya mambo ya nyumbani. Yaani unajifunza kusoma, na papo hapo unajifunza nafasi kati ya mche na mche. Ndiyo maana kikaitwa kisomo chenye manufaa.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1969, katika hotuba ya kuukaribisha mwaka mpya, Mwalimu akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Yakachaguliwa maeneo sita ya kuanzia, yafute ujinga kabla ya mwisho wa 1971: Mafia, Ukerewe, Masasi, Kilimanjaro, Pare na sehemu za Dar es Salaam. Mwaka huo huo wa 1971 TANU ikaongeza moto: nchi nzima iwe imemaliza kazi hiyo ifikapo mwisho wa 1975.

Nani alifundisha? Walimu wa shule za msingi jioni baada ya vipindi vyao, na walimu wa kujitolea, wengi wao vijana waliomaliza darasa la saba tu. Madarasa yalikuwa popote: shuleni, ofisi ya chama, chini ya mwembe. Mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa taifa. Zaidi ya watu milioni 5 walikuwa wamejiandikisha! Mtihani ulikuwa na hatua nne. Hatua ya kwanza na ya pili ulihesabika bado unajikongoja, ya tatu na ya nne ndiyo uliitwa mtu anayejua kusoma. Serikali ikatangaza kwamba wasiojua kusoma wameshuka hadi asilimia 39. Mwaka 1986 ikatangazwa asilimia 9.6. Afrika nzima ilikuwa ikituangalia.

Sasa jamani, hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Vitabu vingi vinasifia walimu na vinasifia siasa, na ni haki yao. Ila ukisoma vizuri utaona kulikuwa na jambo la tatu ambalo halisemwi sana: watu walikuwa na kitu cha kusoma, na walikuwa na sababu ya kusoma.

Chukueni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Ilikwenda kwa wiki 12. Watu walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi redioni, wakasoma kijitabu kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya wiki hiyo hiyo: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kuchemsha maji. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2. Hata vitambaa vya nguo vilichapishwa alama ya kampeni. Fikiria mama aliyemaliza ngumbaru mwaka jana, leo kikundi kinampa kijitabu asome ukurasa wa malaria na watu wanamsikiliza. Huyo hasahau kusoma! Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo huo huo.

Juu ya hapo zikaja maktaba za vijiji, na magazeti ya vijijini. Kule Mwanza lilikuwapo gazeti la Elimu Haina Mwisho, lililoandikwa kwa ajili ya hawa waliotoka darasani juzi: Kiswahili chepesi, habari za mashamba na vijiji vyao. Nchi ya Sweden ilisaidia sana upande huu wa karatasi na uchapishaji.

Halafu hali ikawa ngumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Mwaka huo huo elimu ya msingi kwa wote ikaanza rasmi, watoto wakafurika madarasani, na yule mwalimu aliyekuwa akifundisha wazee jioni akawa hoi. Ikaja vita ya Kagera 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei, fedha za kigeni zikakauka. Wazazi wetu wanasimulia habari za foleni za sukari na sabuni. Lakini karatasi nayo ilikuwa bidhaa adimu, na hakuna aliyepanga foleni ya kudai gazeti la kijiji. Vitabu vikachakaa, maktaba zikafungwa moja moja, magazeti yakachelewa na mwisho yakaacha kuja. Mikanda ya masharti ya miaka ya 80 na 90 ilipokazwa, elimu ya watu wazima ilikuwa miongoni mwa vilivyokatwa. Nani angepiga kelele?

Sensa ya 2002 ilipohesabu, karibu watu wazima 3 kati ya 10 walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Ila tuwe makini hapa, maana huko semina watu wanapenda kusema "tulishuka kutoka 90 hadi 70" halafu wanakaa. Takwimu za 1986 zilitokana na mitihani ya kampeni. Sensa inamuuliza mtu swali na kuandika jibu lake. Hivyo ni vipimo viwili tofauti, na havipimi kwa kamba moja. Pia wengine walikuwa vijana wapya waliokosa shule kabisa miaka ya 80 na 90. Hata hivyo, ukitoa yote hayo, bado wapo waliofaulu mtihani halafu wakapoteza walichokipata.

Mmoja wao ninamjua. Bibi yangu mzaa mama anacho cheti cha hatua ya tatu, kimekunjwa vizuri kwenye sanduku pamoja na kanga zake za harusi. Likizo iliyopita uliingia ujumbe wa hela kwenye simu yake. Nikamwambia, "Bibi, soma mwenyewe leo." Akaanza, u-me-po-ke-a, akanyamaza, akanirudishia simu. "Soma wewe mjukuu wangu, macho yamechoka." Jioni ile ile alitunga uzi kwenye sindano bila kuomba msaada wa mtu.

Na hapo ndipo jambo hili linapotugusa leo. Zamani asiyejua kusoma aliomba asomewe barua, mara moja kwa miezi miwili. Siku hizi pesa ziko kwenye simu, na asiyesoma lazima ampe mtu mwingine simu pamoja na namba ya siri. Anampa mjukuu, jirani, au yule kijana wa kibandani. Heshima yake yote iko mikononi mwa mtu mwingine. Sensa ya 2012 ilionyesha watu wazima karibu 78 kati ya 100 wanajua kusoma na kuandika. Waliobaki ni mamilioni ya watu, na ndio wazazi na walezi wa wanafunzi tutakaowafundisha. Barua ya mwalimu ikienda nyumbani, nani ataisoma?

Kwa hiyo ninyi mnaosema kozi hii haituhusu, hoja yangu ni hii. Tukipangiwa vituo vya kazi, kufungua darasa la wazee jioni si kazi ngumu sana, maana tunajua kufundisha. Kazi ngumu ni kuhakikisha kwamba mwezi wa saba baada ya darasa kuisha, yule mama bado ana karatasi mpya ya kusoma inayomhusu yeye: bei ya mazao, ratiba ya kliniki, mahesabu ya kikoba chake yaliyobandikwa ukutani. Wale wa Mwanza walilijua hilo zamani, na hata jina la gazeti lao linasema hivyo. Kusoma ni kama njia ya shambani, ikikosa wa kupita inaota majani.

Mkirudi nyumbani likizo, waulizeni babu na bibi zenu: ulisoma ngumbaru? Ulifika hatua ya ngapi? Na mara ya mwisho kupata kitu cha kusoma ilikuwa lini? Mniandikie majibu, nataka kuyaingiza kwenye mada yangu ya semina kabla ya mitihani.

Haya, naomba kuwasilisha. Wikiendi njema wadau!