Sehemu ya 5: Jicho likishasafishwa, ubongo nao una kazi yake

Tuliishia kwenye upasuaji wa mtoto wa jicho. Leo kuna swali ambalo wazazi huuliza sana: "Ukungu umeshatolewa, mbona mwanangu bado haoni sawasawa?" Jibu lake lilichukua zaidi ya miaka 200 kupatikana.

Mwaka 1747 Mfaransa Jacques Daviel alipasua jicho na kuitoa lenzi yenye ukungu. Mwaka 1949 Harold Ridley akapandikiza lenzi ya plastiki kule London. Mtu mzima aliyewahi kuona alifaidika sana. Lakini watoto waliozaliwa na ugonjwa huu na wakachelewa kutibiwa, jicho lilisafishwa na bado walipapasa.

Miaka ya 1960, Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel walifunga jicho moja la mtoto wa paka. Walipolifungua baada ya miezi, jicho lilikuwa zima, ila ubongo haukulijali tena. Kazi yao ilipata tuzo ya Nobel mwaka 1981. Kumbe kuona kunafunzwa, na kuna msimu wake kama mpunga. Mvua ikishapita, jembe peke yake halikuvunii kitu.

Kule Kanada, Daphne Maurer na Terri Lewis wa Chuo Kikuu cha McMaster walifuatilia watoto wachanga waliotolewa mtoto wa jicho. Mwaka 1999 walieleza kwamba saa moja tu ya kutazama kwa lenzi ilitosha kuanza kuboresha uoni. Saa moja jamani!

Na waliokwishakua je? Mwaka 2012 hao hao walieleza kuhusu watu wazima waliozaliwa na ugonjwa huu, waliocheza gemu la video la vita kwa saa 40 ndani ya wiki 4. Wengi wao wakaweza kusoma herufi ndogo zaidi kuliko mwanzo. Gemu la kasi hulazimisha macho na ubongo kufuata kila kinachopita. Ila walikuwa watu wachache, na gemu la kupigana risasi si la mtoto. Kwa hiyo simu isichukue nafasi ya miwani wala kiraka alichoandikiwa na daktari.

Hapa kwetu Tanzania, CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi hupasua watoto, na tafiti zao zimeonesha wengi hufikishwa wamechelewa, miezi hata miaka. Hapo ndipo macho yanapopotea.

Basi ukiona mboni ina weupe, macho yanachezacheza, au mtoto hafuati uso wako, mpeleke kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Usingoje akue. Akishapasuliwa, miwani kila siku, kliniki usiikose, na mchezeshe: avingirishiwe mpira, afuate mkono wako, na mkubwa apange kete za bao. Hata aliyechelewa, usimkatie tamaa.

Sehemu ya 6 inshallah: miwani ya mtoto asiyetaka kuvaa.