Mbio za Baiskeli Zifungiwe Barabara: Funzo la Miaka 130 kwa Karagwe na Kyerwa

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Siku ya mwisho wanaume walishindana kilomita 267.5, na Tadej Pogačar wa Slovenia akaibuka mshindi. Kwa wakazi wa Karagwe na Kyerwa, ambao kinachowatenga na Rwanda ni mto Kagera tu, sifa zilizovuka mto zilikuwa za vilima na za bingwa huyo. Lililostahili kusemwa zaidi ni kwamba mji ulisimamisha magari. Barabara za mashindano zilifungwa, shule zikafungwa wiki nzima, watumishi wakatakiwa kufanyia kazi nyumbani. Kumbukumbu za mchezo huu zinaonyesha kwamba usalama wa mshindani umetegemea swali moja: nani anatakiwa kupisha, gari au baiskeli?

Mbio ndefu ni kongwe kuliko tatizo hilo la magari. Mwaka 1891 Wafaransa walishindana kutoka Paris hadi Brest na kurudi, kilomita zipatazo 1,200, na Charles Terront akatumia saa 71 na ushei. Magari yalikuwa nadra sana, mshindani alipambana na usingizi na mashimo. Uingereza ndiko mambo yalikoharibika mapema. Julai 1894 kundi la washindani lilimshtua farasi wa kigari kwenye barabara kuu ya kaskazini, ajali ikatokea. Chama cha baiskeli cha nchi hiyo, NCU, kiliogopa kwamba dola ingeiondoa baiskeli barabarani kabisa, kikaona heri kujifunga chenyewe: kikapiga marufuku mashindano ya makundi. Yaliyobaki yakawa mashindano ya kupimwa kwa saa, waendeshaji wakiachiwa mmoja mmoja alfajiri, wamevaa nyeusi toka shingoni hadi miguuni ili mpita njia asitambue kuwa ni mbio. Hivyo mwenye baiskeli akafundishwa kujificha, na utaratibu huo ukadumu zaidi ya miaka arobaini.

Aliyeuvunja ni Percy Stallard wa Wolverhampton. Mwaka 1933 alishiriki mashindano ya dunia huko Ufaransa akaona jinsi wenzao walivyokuwa wakishindana kwa makundi bila nchi kuharibika. Vita Kuu ya Pili ilipofika, petroli ikagawiwa kwa kipimo na barabara zikabaki tupu, Stallard akaona hoja ya NCU imekwisha: kama magari hayapo, hatari iko wapi? Aliwaandikia viongozi wa chama, wakamkatalia. Akawaendea wakuu wa polisi wa maeneo ambayo mbio zingepita, nao wakakubali na hata kusaidia. Tarehe 7 Juni 1942 kundi likatoka Llangollen hadi Wolverhampton, kilomita 95 hivi, likafika salama mbele ya umati. NCU ikawafungia Stallard na wenzake. Novemba mwaka huohuo waasi wakaunda chama chao, BLRC, na uhasama ukaendelea hadi vyama viwili vilipoungana mwaka 1959. Stallard alikuwa mkaidi, lakini alithibitisha jambo ambalo wakubwa wake walikataa kuliona: polisi wakiwa upande wa baiskeli na magari yakiwa machache, mbio za barabarani hazina ubaya.

Kisha magari yakarudi, na somo likasahauliwa. Mashindano mapya ya maelfu ya kilomita hufanyika barabarani bila kufunga chochote. Machi 2017 Mwingereza Mike Hall, mwanzilishi wa mbio za Transcontinental za kuvuka Ulaya, alikuwa wa pili katika mbio za kilomita zipatazo 5,500 kutoka Fremantle hadi Sydney alipogongwa na gari kabla ya mapambazuko karibu na Canberra, akafa. Mbio zikavunjwa. Uchunguzi wa kimahakama ulijadili kwa kirefu nguo zake nyeusi na mwanga wa taa zake. Miezi michache baadaye, mshindani Frank Simons naye aligongwa na kufa nchini Ubelgiji, saa chache baada ya Transcontinental ya mwaka huo kuanza. Wapo wanaosema mwendeshaji ajilinde mwenyewe kwa taa na jaketi la kuakisi mwanga. Ni kweli avae, na taa iwake hata mchana. Lakini mwanga haumpunguzii dereva mwendo, wala haupanui barabara.

Huku kwetu, tangu 2019 msafara wa Twende Butiama hutoka Dar es Salaam kumkumbuka Mwalimu Nyerere, ukipita barabara kuu za mabasi na malori. Karagwe ina lami ya Kyaka hadi Bugene, kilomita zipatazo 59, na Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, imeidai kwa miaka mingi lami ya Omurushaka, Nkwenda hadi Murongo. Lami ni neema, ila huja na mwendo kasi. Anayetangulia kuumia ni kijana anayesukuma mikungu ya ndizi kwenye mlima huku gari aina ya Noah likimpita ubavuni.

Patakuwa na watakaosema barabara yenyewe ni moja, nayo ina wagonjwa na malori ya kahawa, haifungiki. Mbio za Tour du Rwanda zimejibu hilo siku nyingi: polisi hutangulia, magari husubiri pembeni, na kundi likishapita njia hufunguliwa. Wengine watauliza mbio ziko wapi. Zitakuja, maana vilima vipo na jirani ameshaonyesha. Ila maandalizi huanza na barabara yenyewe: mabega yake, yaani kingo za pembeni, huamuliwa kwenye mchoro, na kuyaongeza baada ya lami kukauka ni gharama kubwa. Wakala wa barabara, TANROADS, mkoani Kagera iyaweke mapana, hasa milimani, kwa ajili ya mshindani na mwenye ndizi vilevile. Na ofisi za wakuu wa wilaya zisikubali ombi la mbio yoyote ambalo halionyeshi kwa maandishi saa ya kufunga barabara na askari watakaoifunga.