Maneti za zamani: namna zilivyopata mkalimani wa kompyuta

Maneti ya mchezo wa video huishi kuliko mashine yake. Mashine inaungua kwa umeme unaopanda na kushuka, au televisheni mpya inakosa tundu la waya wake, lakini maneti, kile kifaa cha mkononi chenye vitufe, inabaki nzima ndani ya katoni. Ziko maneti za miaka ya 1970 zinazofanya kazi hadi leo. Kinachozizuia kuingia kwenye kompyuta ya sasa siyo uzee. Ni prizi, na lugha iliyo nyuma ya prizi.

Mwaka wa 1977 kampuni ya Atari, huko Marekani, ilitoa mashine ya VCS. Fimbo yake ya kuchezea ilikuwa kitu chepesi: swichi tano tu, yaani juu, chini, kushoto, kulia, na kitufe kimoja cha kupiga. Kila swichi ilikuwa na waya wake, na waya mmoja wa pamoja wa kurudisha umeme. Ukibonyeza, nyaya mbili zinaungana, basi. Prizi yake ya matundu tisa ilipokelewa hata na wengine: kompyuta ya Commodore 64, iliyotoka mwaka wa 1982, iliikubali fimbo hiyo jinsi ilivyo.

Nintendo ya Japani ilileta akili nyingine mwaka wa 1983 kwa mashine yake ya Famicom, ambayo Wamarekani waliipata mwaka wa 1985 kwa jina la NES. Maneti yake ina vitufe vinane ukihesabu pande nne za msalaba. Kwa njia ya Atari, ingehitaji nyaya tisa. Nintendo ilitumia tano. Ndani ya maneti iliwekwa chipu ndogo ya namba 4021, inayofanya kazi kama karani wa sensa. Mashine inatuma ishara ya kwanza, na karani anaandika kwa mara moja hali ya vitufe vyote. Kisha kwa kila ishara inayofuata anasoma jibu moja: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Hayo yanarudiwa mara 60 hivi kwa sekunde, na mtoto anayecheza hajui lolote. Super Famicom ya mwaka wa 1990 ilifuata mtindo huohuo, ila orodha ikawa ndefu zaidi.

Ufundi huo ndio ulifungua mlango. Katika miaka ya 1990 watu wa kawaida waligundua kwamba tundu la printa nyuma ya kompyuta, lile pana la pini 25, linaweza kutuma ishara zilezile. Walilehemu nyaya nyumbani, wakachukua hata umeme wa maneti kutoka pini hizohizo, na programu ikafanya kazi ya kuuliza. Mfumo wa Linux ulikuwa na programu ya namna hiyo, gamecon.

Halafu ikaja USB, Januari 1996. Mwaka wa 1998 kompyuta ya iMac ilitoka bila matundu ya zamani, na polepole tundu la printa likatoweka hata kwa wengine. USB ina adabu ya mpakani: kifaa kikiingia, kompyuta inakiuliza wewe ni nani, wa ukoo gani, una vitufe vingapi. Maneti ya mwaka wa 1983 haina la kujibu. Kuunganisha nyaya peke yake hakutoshi tena. Anahitajika mkalimani katikati, chipu inayouliza maneti kwa lugha yake ya zamani na kuijibu kompyuta kwa lugha mpya.

Hapo mwanzo kutengeneza mkalimani huyo ilikuwa kazi ya mafundi wachache. Arduino, kibao kilichozaliwa Ivrea, Italia, mwaka wa 2005, kilishusha ugumu huo. Aina yake ya Leonardo, ya mwaka wa 2012, iliweza kujitambulisha yenyewe kwa kompyuta kama kibodi au maneti. Raspberry Pi Pico ya mwaka wa 2021 ilianza kuuzwa dola 4.

Cha kuchekesha ni Xbox ya mwaka wa 2001. Maneti yake ilizungumza USB tayari. Microsoft ilibadilisha umbo la prizi.

Kwa mtu wa Kivu, habari hii siyo ya mchezo peke yake. Vyombo vya umeme vinatumia tantalum, inayotoka kwenye koltani, na bei yake ilipopanda sana mwaka wa 2000 watu wengi waliacha mashamba wakaenda kuchimba. Kifaa kizima kikitupwa kwa sababu ya prizi, kingine kinatengenezwa mahali pake, na madini yanatoka mahali fulani.

Baadhi ya mafundi wa kazi hii wana desturi moja: hawakati waya wa maneti yenyewe. Wanatafuta ralonji yake, au mashine iliyokufa, wanatoa tundu na kulilehemu kwenye kibao. Chipu inapatikana dukani. Tundu la zamani ndilo linalokuwa adimu.