Usafi wa Matini na Kumbukumbu ya Mpaka: Kitabu cha Hobley na Msomaji wa Busia

Makala haya yanajadili swali moja la uhakiki wa matini: anayekigeuza kitabu cha kale kuwa toleo la kidijitali asafishe nini, na aache nini? Mfano wetu ni Eastern Uganda cha C. W. Hobley, kilichochapishwa London mwaka 1902.

Msomaji wa leo aliyeko Malaba au Busia atadhani kitabu hicho chahusu ng'ambo ya mpaka. Sivyo. Jamii nyingi zinazoelezwa humo, wakiwamo Wanandi na wale walioitwa Wakavirondo, leo ziko Kenya. Hobley aliandika wakati Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulipofika hadi Naivasha. Mnamo Aprili 1902 mkoa huo ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, na mpaka ukasogea magharibi hadi ukanda wa mito Sio na Malaba. Hivyo jina la kitabu lilipitwa na wakati mwaka ule ule kilipotoka.

Hobley alifariki mwaka 1947, na hakimiliki yake nchini Kenya imekwisha. Mtafiti anaweza kuzipiga picha kurasa akiwa nyumbani, kisha akaiachia kompyuta kazi ya kutambua herufi. Hapo ndipo makosa huzuka: r na n zilizobanana husomwa m, tarakimu 1 husomwa l. Maneno ya Kiingereza husahihishwa kwa kamusi ya kompyuta, lakini majina ya Kisamia au Kiteso hayamo katika kamusi hiyo, nayo huweza kuyageuza kuwa maneno mengine kabisa. Kwa hiyo hapana budi kila ukurasa ulinganishwe na picha yake, neno kwa neno.

Hata hivyo, kosa la mashine si sawa na neno la mwandishi. Mhariri akiondoa "Kavirondo", jina ambalo wenyewe wameliacha, na kuweka "Waluhya", atakuwa amewafuta Wajaluo, kwani jina lile liliwajumuisha Wabantu na Waniloti pia.

Tunashikilia, basi, kwamba makosa ya mashine yaondolewe, ya mpiga chapa yasahihishwe kwa tanbihi, na maneno ya Hobley yabaki yalivyo. Maelezo ya leo yawekwe katika dibaji na katika orodha ya maktaba, ambamo Kenya sharti itajwe. Pasipo hayo, mwanafunzi wa Busia atakayetafuta historia ya kwao ataipita, akidhani ni ya jirani.